Ford V8 ya 1934: gari alimoishi na kufia Clyde Barrow

Kila kampuni ya magari huwa na madereva wake wa majaribio, lakini Ford V8 ilipata, bila kumwajiri wala kumlipa, dereva aliyeijaribu kwa ukali ambao hakuna kiwanda kingethubutu kuuagiza. Clyde Barrow, jambazi kijana wa West Dallas katika jimbo la Texas, alitoka gerezani Februari 1932 na kuuawa Mei 23, 1934, na katika muda huo aliendesha magari ya aina hii usiku na mchana, kwenye lami na kwenye vumbi, akila na kulala ndani yake, akiuguza majeraha kwenye kiti cha nyuma, na mara kwa mara akipigiwa risasi akiwa kwenye usukani. Hakununua hata moja. Yote aliyaiba, na lililochakaa, kuharibika au kutambuliwa na polisi alilitupa kando ya barabara na kuiba jingine. Katika tathmini hii ninaipima Ford V8, hasa ile ya mwaka 1934, kwa kipimo cha maisha na kifo cha mtu huyo. Nitangulize hukumu yangu: injini yake ilistahili karibu kila sifa iliyopewa, ila sehemu nyingine za gari hazikuwahi kuifikia injini hiyo, na tofauti hiyo iliwagharimu watu maisha, wengi wao wasio na hatia yoyote.

Injini ndiyo sababu ya kulizungumzia gari hili. Ford ilipolizindua Machi 31, 1932, injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V ilikuwa mali ya wenye fedha, kitu cha kukutwa ndani ya Cadillac. Henry Ford aliwabana wahandisi wake mpaka wakapata njia ya kuzimimina silinda zote 8 na sehemu ya juu ya kasha la kreki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kama kipande kimoja cha chuma, na kwa njia hiyo akaweza kuuza gari la V8 kuanzia dola 460, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi. Ujazo wake ulikuwa lita 3.6. Mwaka wa kwanza ilitoa nguvu za farasi 65, mwaka 1933 zikafika 75, na mwaka 1934, baada ya kupewa kabureta mpya na njia bora za kuingizia hewa na petroli, zikawa 85. Katika gari jepesi namna ile, nguvu hizo zilitosha kulifikisha zaidi ya maili 80 kwa saa, yaani kama kilomita 130, mwendo ambao leo ni wa kawaida katika barabara kuu lakini wakati ule, katika wilaya za mashambani za Texas, Oklahoma na Missouri, haukuwa na mshindani. Askari wengi wa huko walitumia magari yao binafsi, makuukuu na ya silinda 4 au 6, na hawakuwa na redio ya kumwarifu mwenzao wa wilaya ya pili kwamba jambazi anaelekea kwake.

Si kwamba ilitoka kiwandani bila kasoro. Injini za kwanza za mwaka 1932 zilikuwa zikila oili na baadhi ya bloku zilipasuka, na kwa miaka kadhaa iliendelea kuchemsha upesi. Sababu yake huonekana mtu anapofungua boneti na kuitazama kwa makini: pampu mbili za maji zimefungwa juu, kwenye vichwa vya silinda, ambako huvuta maji yaliyokwisha kupata moto badala ya kuyasukuma yaliyopoa kutoka chini ya radieta, na juu ya hilo njia za moshi zinapita ndani ya bloku yenyewe, zikiyaongezea joto maji ambayo yalipaswa kuipoza. Anayeendesha maili chache kwenda sokoni hawezi kuliona tatizo hilo. Anayekanyaga mafuta kwa saa sita mfululizo mwezi wa Julai lazima aijue kila chemchemi na kila kituo cha petroli njiani.

Na Barrow vituo vya petroli alivijua vizuri. Familia yake, wakulima maskini waliolikimbia shamba miaka ya 1920, ilianza maisha ya Dallas kwa kulala chini ya gari la kukokotwa na farasi, na baadaye baba yake akafungua kituo kidogo cha petroli. Wengi humkumbuka Clyde kama mwizi wa benki, lakini alichoiba mara nyingi zaidi ni fedha kidogo za madukani na za vituo vya petroli vilivyofanana kabisa na kile cha baba yake. Hata mara ya kwanza alipokamatwa, mwishoni mwa mwaka 1926 akiwa na umri wa miaka 17, kosa lilihusu gari: alikodi gari, hakulirudisha kwa wakati, na polisi walipomjia akatimua mbio. Mwaka 1930 alipelekwa shamba la gereza la Eastham, mahali palipojulikana kwa ukatili na kazi za sulubu. Mwanzoni mwa mwaka 1932 alifanya mpango akakatwa vidole viwili vya mguu kwa shoka ili aondolewe kwenye kazi za shambani, bila kujua kwamba maombi ya mama yake yalikuwa yamekubaliwa na kwamba angeachiwa siku chache tu baadaye. Tangu hapo alichechemea, na alizoea kuendesha gari akiwa amevaa soksi tu.

Nimepata nafasi ya kuiendesha Ford ya mwaka 1934 iliyotunzwa vizuri, na habari hiyo ya soksi nikaielewa nilipokuwa kwenye usukani. Pedali ni ndogo na zimekaribiana, klachi ni nzito, na mtu anahitaji kuusikia mguu wake. Rungu la gia ni refu, limesimama katikati ya sakafu. Gia ya pili na ya tatu zinaingia kwa ulaini wa kushangaza, lakini ya kwanza hukwaruza iwapo gari halijasimama kabisa. Ukiikanyaga, injini hailalamiki wala kutetemeka kama za silinda 4 za zama zake. Inavuma kwa sauti nzito iliyotulia, na gari linajivuta kutoka mwendo mdogo bila kuhitaji kubadilisha gia. Mtu anayejificha na kuondoka ghafla, gari likiwa limebeba watu watano na bunduki tele, hapo alipata alichokitaka. Usukani ni mzito gari linapogeuzwa mahali finyu, ila linapokwenda unakuwa mwepesi, wakati mwingine mwepesi kupita kiasi. Springi ni mbili tu, moja mbele na moja nyuma, zimelala kwa upana wa gari, na kwenye kona ya kasi bodi inalala upande mmoja kiasi cha kumfanya abiria atafute pa kushika.

Breki ndizo zilizonitia hofu. Plymouth, mshindani wa bei ileile, ilikuwa na breki za mafuta tangu mwaka 1928, lakini Henry Ford hakuziamini na akaendelea na breki zinazovutwa kwa fito, na baadaye kebo, za chuma mpaka alipokubali yaishe katika magari ya mwaka 1939. Breki hizo hufanya kazi, mradi fito zote nne zimerekebishwa kwa usawa na mguu wa dereva una nguvu. La sivyo gari huvutwa upande. Kwa hiyo mnunuzi wa mwaka 1934 alipewa injini ya kwenda kilomita 130 kwa saa na breki zilizofaa nusu ya mwendo huo.

Usiku wa Juni 10, 1933, karibu na Wellington, Texas, tofauti hiyo ilijidhihirisha. Barrow alikuwa akienda kasi, kama kawaida yake, na hakuiona alama iliyoonya kwamba daraja la mbele lilikuwa linajengwa. Gari likatoka barabarani, likatumbukia kwenye korongo. Bonnie Parker, mwanamke wa miaka 22 aliyekuwa naye katika karibu kila safari, aliungua mguu wa kulia vibaya sana hata hakuweza tena kutembea sawasawa mpaka alipokufa. Mara nyingine alirukaruka kwa mguu mmoja au Clyde alimbeba. Siwezi kusema kwamba breki za mafuta zingewaokoa, maana dereva asiyeiona alama hawezi kuokolewa na breki za aina yoyote. Lakini taa za gari hili ni hafifu kwa mwendo linaoweza kwenda, na dereva anayeamini injini bila kujiuliza anaona umbali gani mbele yake huishia korongoni.

Kwa upande wa kukimbia, hata hivyo, Ford V8 ilimfaa Barrow kuliko bunduki. Sherifu wa wakati ule aliishia mpakani mwa eneo lake, na polisi wa jimbo moja hakuwa na mamlaka katika jimbo la pili. Barrow aliigeuza sheria hiyo kuwa ratiba: aliiba hapa, akaendesha usiku kucha, akalala majimbo mawili mbali na pale. Kuiba benki hakukuwa kosa la shirikisho, yaani la kushughulikiwa na serikali kuu ya Marekani, mpaka Mei 18, 1934, siku tano tu kabla ya kifo chake. Ila palikuwa na kosa moja la shirikisho alilolitenda karibu kila juma, nalo ni kuvusha gari la wizi kutoka jimbo hadi jimbo, jambo lililopigwa marufuku tangu mwaka 1919. Huo ndio mlango walioingilia wapelelezi wa serikali kuu, idara ambayo mwaka 1935 ilipewa jina la FBI. Ford iliyoibwa Pawhuska, Oklahoma, ilikutwa imetelekezwa karibu na Jackson, Michigan, mwaka 1932. Walipofuatilia Pawhuska wakakuta Ford nyingine iliyotelekezwa, hii ikiwa imeibwa Illinois, na ndani yake chupa ya dawa. Chupa ikawafikisha kwenye duka la dawa la Nacogdoches, Texas, na duka likawapa jina la mwenye dawa: shangazi yake Clyde Barrow. Mei 20, 1933 hati ya kumkamata Clyde na Bonnie ikatolewa huko Dallas, na kosa lililoandikwa halikuwa mauaji, bali gari. Anayeishi ndani ya gari huacha humo kila kitu chake, na gari likitelekezwa husimulia habari za aliyelitelekeza.

Ndivyo ilivyokuwa pia Joplin, Missouri, Aprili 13, 1933. Polisi walipoivamia nyumba aliyopanga Barrow na genge lake, mapambano yaliyofuata yaliwaua askari wawili. Genge likaponyoka kwa Ford V8 na kuacha karibu kila kitu, pamoja na kamera na filamu ambazo hazijasafishwa. Gazeti la mji huo lilizisafisha picha hizo, na ndizo zilizowafanya watu hawa wajulikane Marekani nzima. Katika zile maarufu zaidi, Bonnie ameegemea mbele ya Ford ya mwaka 1932, sigara nene mdomoni na bastola mkononi, mguu mmoja umepandishwa kwenye bampa. Kama picha ya kuuzia gari ni nzuri mno. Kama kumbukumbu ya ukweli inapotosha, kwa kuwa sigara ile ilikuwa ya mzaha wa kupigia picha, na pia kwa sababu haionyeshi kilichotokea ndani ya magari yale: watu wachafu, wenye majeraha, waliokula vyakula vya makopo na kuoga mitoni. Genge hili linahesabiwa kuwa liliua watu 13, na wengi wao walikuwa askari wa mishahara midogo na wenye maduka. Anayelisifia gari kwa uwezo wake wa kutoroka akumbuke ni nani aliyeachwa chini kila lilipoondoka.

Aprili 1934 inatosha kuonyesha gari hili kwa pande zake zote mbili. Siku ya kwanza ya mwezi, Jumapili ya Pasaka, polisi wawili wa barabarani waliuawa karibu na Grapevine, Texas, walipoisogelea Ford iliyoegeshwa kando, wakidhani huenda dereva wake ana shida. Siku tano baadaye, karibu na Commerce, Oklahoma, mvua ilikuwa imenyesha na Ford ikakwama kwenye tope. Tairi za gari hili ni nyembamba, na nguvu za farasi 85 zinapopelekwa kwenye magurudumu mawili ya nyuma juu ya udongo uliolowa, kazi inayofanyika ni kuchimba shimo. Raia mmoja aliona gari lililokwama likiwa na watu wenye silaha akatoa taarifa. Konstebo Cal Campbell na mkuu wa polisi Percy Boyd wakaja kutazama. Campbell, mzee wa miaka 60, aliuawa papo hapo. Boyd alijeruhiwa na kuchukuliwa mateka, dereva wa lori akalazimishwa kwa mtutu wa bunduki kulivuta lile gari, na safari ikaendelea hadi Kansas, ambako Boyd aliachiwa. Bonnie alimwomba awaambie watu kwamba yeye havuti sigara zile nene. Konstebo alikuwa ameuawa saa chache tu kabla, na mawazo ya Bonnie yalikuwa kwenye picha.

Sasa itazame tarehe ya barua ambayo kila mpenzi wa Ford huitaja. Iliandikwa Tulsa, Oklahoma, Aprili 10, siku nne tu baada ya tope la Commerce, ikapokelewa ofisini kwa Henry Ford siku tatu baadaye, na leo imehifadhiwa katika makumbusho yenye jina la Ford huko Dearborn, Michigan. Mwandishi wake, aliyetia sahihi ya Clyde Champion Barrow, anamsifu Ford kwa gari lake, anasema kila alipoweza aliendesha Ford peke yake, na kwamba kwa mwendo wa muda mrefu bila kusumbua hakuna gari linaloifikia, hata kama shughuli zake mwenyewe hazikuwa halali. Wapo wanaoupinga ukweli wake, kwa sababu mwandiko haufanani sana na maandishi yake mengine na kwa sababu jina lake la kati lilikuwa Chestnut. Lakini hoja ya jina haina uzito mkubwa, maana Champion ndilo alilojiandikisha nalo gerezani. Iwe yake au ya mchekeshaji fulani, kama tathmini ya bidhaa barua ile ni sahihi nusu. Inasifu mwendo na uimara wa injini, mambo mawili yasiyo na ubishi. Haigusi breki, tope wala joto. Wala haigusi unene wa milango, jambo ambalo Barrow alilifahamu kuliko wote.

Nasema alilifahamu kwa sababu silaha aliyoipenda ilikuwa bunduki ya rashasha ya Browning, silaha ya kijeshi aliyokuwa akiiba kwenye maghala ya jeshi la akiba. Risasi yake hupenya bati la gari upande mmoja na kutokea upande wa pili. Julai 1933, walipozingirwa kwenye vyumba vya wasafiri karibu na Platte City, Missouri, polisi walikuwa na gari lililoongezewa mabamba ya chuma. Risasi za Barrow zililitoboa, zikamjeruhi dereva na kuigusa honi, ikaanza kulia bila kukoma, na wenzake wakadhani ni ishara ya kuacha kupiga. Genge likaponyoka, ingawa kaka yake, Buck, alipata jeraha la kichwa lililomuua siku chache baadaye. Mtu aliyeona bamba la polisi likitobolewa namna hiyo hakuweza kuwa na matumaini yoyote na mlango wa Ford. Bodi ya gari hili ni bati jembamba, na katikati ya paa hakuna hata bati, ila kitambaa kisichopitisha maji kilichowambwa juu ya mbao. Wepesi huo ndio uliolipa kasi. Barrow alichagua kasi, na mpaka Mei 1934 hakuwa na sababu ya kujuta.

Kilichobadilika ni kwamba kasi haikuwa yake peke yake tena. Baada ya Barrow kuwatorosha wafungwa wa Eastham Januari 1934, tukio ambamo mlinzi mmoja aliuawa, mkuu wa magereza ya Texas alimwajiri Frank Hamer, askari mstaafu wa kikosi cha Texas Rangers. Hamer alianza kazi Februari 10 na kuifanya kwa siku 102, na kwa maelezo yake mwenyewe alitumia Ford V8, akaishi ndani yake kama Barrow alivyoishi ndani ya yake. Hakujaribu kumkimbiza. Alisoma mizunguko yake, akagundua kwamba pamoja na kuranda majimbo yote yale alikuwa akirudirudi kuziona familia za wenzake, na akaamua kumsubiri mahali ambapo gari lingelazimika kupunguza mwendo.

Gari la mwisho lilikuwa Ford ya milango minne, toleo la kifahari la 1934, rangi ya kijivu chenye umanjano, lililonunuliwa na familia moja ya Topeka, Kansas, kwa dola 785 hivi, likiwa na kipasha joto kwa ajili ya baridi na kifuniko cha chuma cha tairi la akiba. Liliibwa mbele ya nyumba yao Aprili 29. Asubuhi ya Mei 23, kwenye barabara ya msituni kusini ya Gibsland, Louisiana, Hamer na askari wengine watano walikuwa wamejificha vichakani, na lori la baba wa mmoja wa wanagenge likawa limewekwa barabarani kama lililoharibika, gurudumu moja limefunguliwa. Kama saa 3 na robo Ford ikatokea kwa kasi, ikapunguza mwendo karibu na lori. Askari wakafyatua takriban risasi 130, baadhi kutoka bunduki ileile ya Browning aliyoipenda. Clyde, miaka 25, alikufa mara moja. Bonnie, miaka 23, aliyekuwa na mkate wenye nyama alioununua mkahawani, alikufa pembeni yake. Gari, likiwa bado kwenye gia na mguu wa dereva umeteleza kutoka kwenye pedali, liliendelea kujikokota lenyewe mpaka likaingia mtaroni. Ndani yake zilikutwa rashasha, shotigani, bastola, maelfu ya risasi, saksafoni na namba za magari 15 za majimbo mbalimbali. Injini ilikuwa bado nzima, kwa sababu walilenga milango na vioo.

Gari hilo bado lipo, na kwa anayependa vitu vya kihistoria ni maonyesho ya ajabu na ya kukirihi kwa pamoja. Sherifu wa eneo alikataa kumrudishia mwenyewe mpaka mahakama ya shirikisho ilipoamuru. Kisha likakodishwa kwa waandaaji wa maonyesho, likazungushwa kwenye viwanja vya sherehe, na magari kadhaa ya bandia yaliyotobolewa kwa makusudi yakazungushwa pia kuwavutia wasiojua. Mwaka 1973 liliuzwa kwa dola 175,000, mwaka 1988 kwa dola 250,000, na kwa miaka mingi limeonyeshwa kwenye kasino za Primm, Nevada, nyuma ya kioo, pamoja na fulana ya Clyde yenye matundu. Mtazamaji atazame nguzo ya mlango wa dereva kuliko fulana, kwani pale ndipo unapoona jinsi bati lilivyokuwa jembamba, na jinsi risasi zilivyoingia bila hata kulipinda.

Kwa anayetaka kununua Ford V8 ya zama hizo ili aiendeshe, ushauri wangu ni kuchukua ya mwaka 1934 na kuiacha ya mwaka 1932 kwa wakusanyaji, kwa kuwa ya baadaye ina kabureta bora na injini iliyokwisha kuondolewa makosa ya mwanzo. Kabla ya kulipa, fundi afungue vichwa vya silinda na akague bloku kati ya viti vya vali na silinda, ambako nyufa huanza. Akishaona ni nzima, aangalie radieta, na mwenye gari asione aibu kubadilisha breki za fito kwa za mafuta, hata kama wanaopenda uasilia watanung'unika.